Anza na Msumari: Bunduki ya Misumari katika Ujenzi wa Tarime na Serengeti

Anayenunua bunduki ya misumari ya kutumia upepo hujiona amenunua chombo kimoja. Kwa kweli amejifunga kwa vitu vitatu: chombo chenyewe, kompresa ya kukipa hewa, na aina moja ya msumari ambayo itabidi ipatikane dukani kila anapopata kazi, mwaka huu na mwaka wa tano kutoka sasa. Muuzaji husifu kitu cha kwanza. Mnunuzi mwangalifu huuliza cha pili. Cha tatu ndicho kinachoamua kama fedha imekwenda mahali pake, na ndicho ninachokiweka mbele hapa, nikiangalia ujenzi wa wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara. Hoja yangu ni kwamba uchaguzi uanzie kwenye kiungo cha mbao, uende kwenye msumari unaokifaa kiungo hicho, na bunduki iwe ya mwisho kuchaguliwa. Ukishika mpangilio huo, bunduki nyingi zenye sifa duniani huanguka mapema, na kwa sehemu kubwa ya kazi za huku nyundo haina mpinzani. Zipo hata hivyo kazi chache, tena zenye kipato, ambazo bunduki ya aina fulani inastahili gharama yake.

Chombo hiki kilikulia kwenye nyumba isiyofanana na zetu. Tangu miaka ya 1830 huko Chicago, Wamarekani walizoea kujenga kwa mbao nyembamba zinazosimamishwa karibu karibu na kupigiliwa misumari, mpaka ukuta, sakafu na paa vyote vikawa mbao. Nyumba ya namna hiyo humeza misumari kwa maelfu, na fundi anayeokoa sekunde chache kwa kila msumari anaokoa siku nzima nzima. Huku Sirari, Nyamongo au Mugumu ukuta ni tofali la kuchoma au bloku ya saruji. Mbao huanza juu ya linta: kenchi, papi za kushikia bati, fasha bodi, na fremu ya dari kwa mwenye uwezo. Tuchukue nyumba ya vyumba vitatu yenye kenchi 12, kila kenchi ikiwa na viungo 9 na kila kiungo misumari 5. Hiyo ni misumari 540. Papi 14 zikipita juu ya kenchi hizo hukutana nazo mara 168, na kila makutano hutaka msumari mmoja au miwili. Hata ukiongeza ya fasha bodi na ya kurekebisha makosa, hesabu haifiki 1,000. Kwa nusu dakika kwa kila msumari, mafundi wawili wenye nyundo wanamaliza kila mmoja ndani ya saa nne na kidogo. Bunduki ikichukua sekunde tano kwa msumari, kazi yote ni chini ya saa moja na nusu.

Kwa hiyo faida ipo, lakini ni ya saa chache katika shughuli inayochukua siku kadhaa. Muda wa kupaua haumaliziki kwenye kugongelea. Unamalizika kwenye kupima, kukata, kupandisha kenchi juu ya ukuta, kuvuta kamba ili ziwe mstari mmoja, na kubeba mbao kutoka barabarani. Kisha bati lenyewe halimo katika uwezo wa bunduki hii kabisa, kwa sababu linataka msumari wake wenye kofia pana au skrubu yenye mpira wa kuzuia maji. Fundi anayedhani bunduki itamaliza nyumba mbili kwa wakati wa moja amekadiria kwa kuangalia video za nyumba za mbao za Marekani. Mbao za kumimina zege nazo ni mfano mbaya wa kuanzia: pale msumari hupigwa ili ung'olewe baada ya siku chache, unyooshwe na kurudi kazini, ilhali msumari wa bunduki mara nyingi umepakwa gundi inayoyeyuka kwa joto la msuguano na kuushika ndani ya mbao. Kuung'oa ni adhabu.

Sasa tuje kwenye msumari. Ule wa inchi 4 unaouzwa kwa kilo una urefu wa milimita 100 na unene wa karibu milimita 4. Ukipiga hesabu ya ujazo wa chuma unapata misumari kama 100 kwa kilo. Wa bunduki wa inchi 3 na nusu, yaani milimita 90, kwa kawaida una unene wa kati ya milimita 2.9 na 3.3. Ukichukua 3.1, kilo moja ina karibu misumari 190. Anayelipia msumari wa bunduki, ambao kwa kawaida una bei zaidi kwa uzito kwa sababu umepangwa na kufungwa kiwandani, anapata takriban nusu ya chuma kwa kila msumari. Kanuni za hesabu za viungo vya mbao zinazotumika Ulaya, Eurocode 5, zinaonyesha kwamba uwezo wa msumari kuzuia mbao mbili zisiteleze hukua kwa kasi kuliko unene wake. Kati ya wa milimita 4 na wa 3.1, mnene hubeba karibu mara moja na nusu. Kwa lugha ya kazini, penye misumari miwili ya nyundo weka mitatu ya bunduki. Fundi anayebadili chombo bila kubadili hesabu hiyo amepunguza nguvu ya kenchi kwa theluthi moja, na hakuna atakayeiona kwa macho siku ya kukabidhi nyumba.

Hapa mtetezi wa bunduki ana jibu, na jibu lake lina uzito. Msumari mwembamba hupasua mbao kidogo. Kanuni hizo hizo zinataka msumari ukae mbali na mwisho wa mbao unaobeba mzigo kwa mara 15 ya unene wake: milimita 60 kwa msumari wa milimita 4, milimita 46 kwa wa 3.1. Kwenye pembe za kenchi, ambako mbao ya mbili kwa nne hukatwa mshazari na kubaki na ncha nyembamba, tofauti ya milimita 14 ndiyo hutenganisha kiungo kizima na kiungo chenye ufa. Kwa mkaratusi mkavu, mti mgumu unaopasuka upesi, mafundi wengi wa nyundo hulazimika kutoboa kwanza au kugonga ncha ya msumari iwe butu. Misumari mitatu myembamba iliyopangwa kwa kupishana inaweza kuwa bora kuliko miwili minene iliyofuatana kwenye mshipa mmoja wa mbao. Naikubali hoja hiyo yote, kwa sharti kwamba misumari mitatu ipigwe kweli na urefu wake utoshe.

Urefu ndio unaochuja bunduki kuliko kitu kingine. Mbao zetu za kenchi ni za inchi 2 kwa jina, mara nyingi pungufu kidogo. Zikilazwa ubavu kwa ubavu zinakuwa karibu milimita 100. Msumari wa inchi 3, yaani milimita 75, ukipita kwenye mbao ya kwanza unaingia ya pili kwa milimita 25 tu, na kanuni inataka angalau mara 8 ya unene, ambayo kwa 3.1 ni milimita 25. Yaani umefika ukingoni hata kabla ya kichwa kuzama au mbao kuzidi kipimo. Wa milimita 90 unaingia kwa milimita 40, na ukipigwa kutoka pande zote mbili kwa kupishana unatoa kiungo cha kuaminika. Kwa hiyo bunduki zinazoishia milimita 75 au 83, pamoja na baadhi ya zile maarufu kabisa kwa mafundi wa Marekani, hazifai kwa kenchi zetu. Si kwamba ni mbovu. Mbao ya Marekani inayoitwa mbili kwa nne ina unene halisi wa milimita 38, na msumari wa milimita 83 unaitosha. Chombo kilipimiwa mbao nyingine. Sharti la kwanza basi ni bunduki inayofika milimita 90 au 100, na mwenye duka akisema zote ni sawa, mnunuzi asome urefu ulioandikwa kwenye ubavu wa chombo.

Kuna suala la mbao mbichi ambalo katika mazungumzo ya bei halipati nafasi. Mbao nyingi zinazopanda juu ya kuta za Tarime na Serengeti, iwe paina iliyosafirishwa kutoka mashamba ya miti ya Sao Hill wilayani Mufindi au mkaratusi uliopasuliwa karibu na nyumbani, hupigwa misumari kabla hazijakauka sawasawa. Maabara ya mazao ya misitu ya serikali ya Marekani iliyoko Madison, Wisconsin, imeandika kwa miongo mingi kwamba msumari laini uliopigwa kwenye mbao mbichi hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake ya kutong'oka mbao ikikauka. Mbao inasinyaa, tundu linalegea. Mafundi wetu wana dawa ya asili: hupiga msumari wa inchi 5 utokeze upande wa pili, kisha huukunja ncha. Msumari uliokunjwa haung'oki hata tundu likilegea. Bunduki haikunji. Kinachoweza kufidia ni msumari wa bunduki wenye mikato ya pete mwilini, unaoshika nyuzi za mbao kuliko laini, na aina hiyo hupatikana kwa bunduki kwa urahisi kuliko kwenye misumari ya kilo. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi na dhoruba nyingi zaidi duniani, na habari za upepo kuezua mapaa ya shule si ngeni kwa msomaji wa mkoa wa Mara. Kwa papi zinazovutwa juu na upepo, msumari wa pete ni hoja nzuri kuliko kasi. Ila ieleweke kwamba paa linalong'oka na kenchi zake halikusalitiwa na msumari wa papi. Limesalitiwa pale kenchi ilipofungwa kwenye ukuta kwa waya dhaifu. Bunduki haiponyi hilo. Mkanda wa chuma uliozamishwa kwenye zege la linta unaliponya.

Tukishajua kwamba tunataka msumari wa milimita 90 au 100, wenye kichwa kizima cha duara na ikiwezekana wenye pete, linakuja swali la namna ulivyofungwa. Zipo bunduki za misumari iliyopangwa kwa mstari na kushikwa kwa plastiki, zenye magazini iliyoinama nyuzi 21. Zipo za nyuzi 28 zilizoshikwa kwa waya. Zipo za nyuzi 30 hadi 34 zilizoshikwa kwa karatasi, ambazo baadhi vichwa vyake vimekatwa upande mmoja ili vikae karibu. Na zipo za koili, zenye nyuzi karibu 15, ambazo misumari imeunganishwa kwa waya na kuviringishwa. Bunduki ya nyuzi 21 haili mkanda wa nyuzi 34. Hili ndilo kosa linalogharimu zaidi: mtu ananunua bunduki nzuri ya mtumba iliyotoka Ulaya au Marekani, anamaliza boksi moja alilopewa nalo, kisha chombo kinakaa chini ya kitanda kwa kuwa mkanda wake haupatikani Tarime, Musoma wala Mwanza. Misumari ya koili ina soko jingine linaloibeba, nalo ni viwanda vya kutengeneza palati na makreti kote Afrika Mashariki, na bunduki zake zinatengenezwa China na Japani kwa vipimo vinavyofanana, zikiwa na herufi CN na namba inayokaribia urefu wa msumari kwa milimita. CN55 na CN70 ni za misumari mifupi, CN90 na CN100 ndizo zinazogusa kenchi. Mwenye kutegemea msumari unaonunuliwa pia na viwanda vya Nairobi, Mwanza na Dar es Salaam hatakwama sawa na anayetegemea mkanda wa mstari unaotakiwa na yeye peke yake.

Koili ina kasoro zake. Ikiwa na misumari 200 au zaidi ndani, bunduki huwa nzito, na kwa mtu aliyesimama juu ya ukuta akiwa ameshika kenchi kwa mkono wa kushoto, kila nusu kilo huhesabika. Waya unaounganisha misumari huruka vipande vidogo, kwa hiyo miwani ya kinga si pambo. Na koili ikigongwa au kunyeshewa huharibika umbo, ikakwama. Bado naona ni afadhali uzito ambao fundi anaweza kuupanga kuliko msumari ambao hawezi kuupata.

Upepo una hesabu yake, na milima ya Tarime inaibadilisha. Bunduki za aina hii hufanya kazi kwa presha ya bar 5 hadi 8, yaani psi 70 hadi 120, na kila pigo la msumari mrefu hutumia takriban lita 2 hadi 3 za hewa ya kawaida. Mtungi wa lita 24 ukishuka kutoka bar 8 hadi 6 unatoa lita 48, ambazo ni misumari 16 hadi 24 kabla injini haijawaka tena. Mtungi wa lita 50 ukiruhusiwa kushuka hadi 5.5 unatoa lita 125, misumari zaidi ya 40. Kwa kasi ya kawaida ya kupaua, kompresa ya nguvu ya farasi 2 inatosha bunduki moja bila shida. Lakini nyanda za juu za Tarime zina mwinuko wa mita 1,500 na zaidi, na huko hewa ina wepesi wa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na ya pwani. Kompresa itafika bar 8 ile ile, ila itachukua muda zaidi. Jenereta ya petroli itakayoiendesha nayo inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana, kwa kuwa inavuta hewa hiyo hiyo nyepesi. Kompresa ya umeme huvuta mkondo mkubwa inapoanza kuzunguka, mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida, na jenereta ndogo iliyonunuliwa kwa kusoma namba ya kibandiko peke yake huzimika pale pale. Vijiji vingi vimefikiwa na mradi wa umeme vijijini wa REA, lakini umeme kufika kijijini si umeme kufika kwenye kiwanja ambacho mwenyewe hajalipia mita. Anayepanga kwenda na bunduki kwenye viwanja vya namna hiyo apange na kompresa ya injini ya petroli moja kwa moja, au jenereta yenye akiba ya kutosha.

Wako watakaosema kwamba mabishano haya ya kompresa yamepitwa na wakati, kwa sababu siku hizi zipo bunduki za gesi na za betri zisizohitaji mpira wa upepo. Paslode waliingiza ya gesi sokoni mwaka 1986, na za betri zimeimarika sana miaka ya karibuni. Ya gesi naiondoa mapema: kila msumari hulipuliwa kwa mchanganyiko wa gesi na hewa, hivyo nguvu yake hushuka kadiri unavyopanda mlima, na makopo yake ya gesi yana muda wa kuisha na lazima yaagizwe, yaani umejiongezea kitu cha nne cha kutafuta. Ya betri ni hoja nzito zaidi. Huchajiwa usiku nyumbani, hata kwa sola nzuri, na asubuhi hupanda juu ya ukuta bila waya. Kwa fundi anayepaua nyumba moja hapa na nyingine kilomita 30 mbele, akisafiri na pikipiki, ndiyo pekee inayobebeka. Lakini nyingi huishia msumari wa milimita 90 katika mbao laini, hutumia misumari ya mstari badala ya koili, na betri ikifa bei yake humshtua mwenye chombo. Pia fundi anayezunguka kwa pikipiki ndiye yule ambaye hesabu ya mwanzo ilionyesha kwamba anaokoa saa chache tu kwa nyumba. Kwake nyundo nzuri na msumeno wa umeme wa mkononi ni matumizi bora ya fedha ile ile, kwa kuwa kukata ndiko kunakomla muda.

Ni nani basi anayefaidika? Yule anayetengeneza kiungo kile kile mara mia. Kwa miaka ya karibuni mteja mkubwa wa namna hiyo katika wilaya hizi amekuwa madarasa. Mwishoni mwa mwaka 2021 serikali ilitangaza mpango wa shilingi trilioni 1.3 uliotokana na mkopo wa IMF wa kukabili athari za UVIKO-19, na ndani yake kulikuwa na madarasa 15,000 nchi nzima, yaliyojengwa kwa ramani moja na kwa utaratibu wa force akaunti, ambapo shule na halmashauri huwalipa mafundi wa eneo moja kwa moja. Ilikuwapo pia miradi ya BOOST kwa shule za msingi na SEQUIP kwa sekondari. Tarime ina pia fedha za huduma kwa jamii kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara, ambazo sehemu yake hugeuka kuwa madarasa na zahanati. Majengo haya yana jambo moja la thamani kwa hoja yetu: kenchi ya darasa la kwanza ni sawa na ya darasa la nne. Kikundi cha mafundi kinachopewa madarasa manne kinaweza kuchora kenchi moja sakafuni, kugongomea vizuizi vya mbao kuizunguka iwe kalibu, kisha kutoa kenchi moja baada ya nyingine bila kupima tena. Hapo muda wa kupima umekufa, muda wa kukata umekusanywa mahali pamoja, na kugongelea kunakuwa sehemu kubwa ya kazi iliyobaki. Kompresa inakaa chini, haipandi ngazi. Bunduki nzito ya koili haichoshi, kwa sababu fundi anapiga akiwa ameinama juu ya sakafu.

Na hapo hapo inafaa kubadili kiungo chenyewe. Badala ya kulaza mbao ubavu kwa ubavu na kutafuta msumari wa milimita 100, mbao zinaweza kukutanishwa zikiwa katika usawa mmoja, bila kupandana, na kushikwa pande zote mbili kwa kiraka cha plaiwudi nene, kinachopigiliwa misumari mingi mifupi ya pete. Kiraka cha namna hiyo kinataka misumari 10 au 15 kila upande, kazi inayomchosha mwenye nyundo na ambayo CN70 huimaliza kwa muda mfupi sana. Msumari mfupi hautumii hewa nyingi, haupasui, na hauhitaji kutokeza upande wa pili. Idadi ya misumari ya kenchi inaongezeka mara kadhaa, na ndiyo maana bunduki inaanza kujilipa: imeingizwa kwenye muundo unaoihitaji. Pingamizi la haki ni kwamba plaiwudi ya kiwango cha nje ni ghali na hafifu yake huachana ikilowa, na kwamba mhandisi wa halmashauri lazima aukubali mchoro kabla ya msumari wa kwanza. Ni kweli. Akikataa, rudini kwenye kenchi ya kawaida na nyundo. Kupiga kiraka kisichopimwa juu ya vichwa vya wanafunzi si ubunifu.

Upande wa Serengeti una wateja wengine, kambi na loji za watalii zinazozunguka hifadhi, kuanzia maeneo ya Ikoma na Grumeti, ambako mahema husimama juu ya majukwaa ya mbao zilizotiwa dawa. Ni kazi ya mbao nyingi kweli, na mtu angetarajia bunduki itawale. Kwa fremu ya chini ya jukwaa inafaa, mradi msumari uwe umepakwa zinki kwa kuchovywa, kwani dawa za shaba zilizomo kwenye mbao hula chuma kitupu upesi. Kwa mbao za juu zinazokanyagwa na wageni pekupeku, skrubu ndiyo jibu: haichomozi jua na mvua zikizibadili mbao, na ubao ulioharibika hutolewa bila kubomoa. Mwenye zabuni ya kambi asinunue bunduki kwa ajili ya sakafu.

Lipo pingamizi la ajira, kwamba chombo hiki kitamnyima kijana anayesaidia fundi posho yake. Hesabu ya nyumba moja imeshalijibu kwa upande mmoja: kugongelea ni sehemu ndogo ya kazi, na wa kushika, kubeba na kupandisha kenchi bado wanahitajika. Linalonitia wasiwasi zaidi ni mwili wa kijana huyo. Bunduki za misumari zina mifumo miwili ya triga. Wa kwanza hutaka ncha ya chombo igandamizwe kwenye mbao kwanza, ndipo triga ivutwe, na hutoa msumari mmoja kwa kila mvuto. Wa pili huruhusu triga kushikwa muda wote, na kila ncha inapogusa kitu msumari hutoka, iwe kitu hicho ni papi au paja. Nchini Marekani hesabu za miaka ya 2001 hadi 2005 zilionyesha wastani wa majeruhi 37,000 wa bunduki za misumari kwa mwaka waliofika vyumba vya dharura, na mwongozo wa usalama uliotolewa huko mwaka 2011 unasema hatari ya kuumia ni mara mbili kwa mfumo wa pili. Mauzo husifu mfumo huo kwa kasi, lakini tumeona kwamba kasi kwetu ina faida ndogo. Kwa hiyo sioni sababu ya fundi wa Tarime kulipia hatari maradufu ili aokoe sekunde mbili. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kinga, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa waajiri waliosajiliwa, ila kibarua wa siku moja kwenye nyumba ya kijijini ni nadra kuguswa na lolote kati ya hayo, na msumari wa milimita 90 uliozama gotini unahitaji daktari wa upasuaji ambaye huenda yuko Musoma au katika hospitali ya Bugando, Mwanza. Triga ya pigo moja moja iwe sharti, sawa na urefu.

Siku ya kununua, mnunuzi aende na vipande vyake vya mbao: paina mbichi, paina kavu, na mkaratusi mkavu wa inchi 2. Aombe bunduki iunganishwe na kompresa ile ile atakayoinunua, si ile kubwa ya duka, na apige misumari 20 mfululizo kwenye mkaratusi. Vichwa vya mwisho vikibaki vimechomoza, mtungi ni mdogo au presha haitoshi. Vikizama na kuponda nyuzi za paina, aone kama kirekebisha kina kinazunguka kwa mkono. Aulize oringi na kisukumio cha ndani vinauzwa wapi, maana ndivyo vinavyochakaa kwanza. Akague nyuzi za viungo vya mpira wa upepo, kwa kuwa vya Marekani na vya Uingereza hufanana kwa macho bila kuingiliana vizuri, na kama kompresa ni ya mtumba kutoka Marekani ahakikishe mota yake si ya volti 110. Kisha, kabla ya kutoa fedha, aulize bei ya koili za mzigo mzima wa madarasa manne na azinunue pamoja na bunduki, siku hiyo hiyo.